Dracula, Fantôme na batumbula: pale uvumi unapomkimbiza mtu

Miaka mia moja iliyopita sinema haikuwa na sauti. Lakini njo wakati ule ilizaa filimu za kutisha ambazo watu wanaangalia hata leo: Nosferatu, Le Fantôme de l'Opéra, The Lodger. Zote tatu zilitoka ndani ya vitabu vya mafumbo. Na zote tatu ziliongeza kitu ambacho kitabu hakikuwa nacho: kundi la watu wenye hasira wakimkimbiza mtu barabarani. Kwa wakaaji wa Lualaba na Haut-Katanga, waliokua wakisikia habari za batumbula, jambo hilo haliko mbali na nyumbani.

Sinema bila sauti ilitembea namna gani?

Tarehe 28 Desemba 1895, watu walilipa na kuingia ukumbini mjini Paris ili waangalie sinema ya ndugu wawili wa ukoo wa Lumière. Tangu siku ile mpaka 1927, wakati filimu ya Marekani iitwayo The Jazz Singer ilipowasikilizisha watu sauti ya mwimbaji, picha zilitembea bila kusema. Pale penye maneno ya lazima, picha ilikatwa, maandishi yakatokea, kisha picha ikaendelea.

Lakini ukumbi haukuwa kimya. Kulikuwa na mtu wa piano, na katika miji mikubwa kulikuwa na kundi zima la wapiga muziki. Huko Japani kulikuwa na mtu wa kusimama kando ya picha na kueleza kila kitu, anaitwa benshi. Watu wengine walilipa kiingilio juu ya sauti yake kuliko juu ya filimu yenyewe. Wale ambao wamewahi kuangalia filimu zilizotafsiriwa na Lufufu wa Tanzania ao na mavije wa Uganda wanajua kazi hiyo vizuri: mtu mmoja, mikrofoni moja, na filimu ya ugeni inageuka kuwa hadithi ya mtaa.

Kwa sababu hakuna sauti, wachezaji walisema kwa uso na kwa mikono. Mfano mkubwa ni Lon Chaney, Mmarekani aliyecheza Fantôme. Baba yake na mama yake wote walikuwa viziwi. Tangu utoto alijifunza kusema na wazazi bila kufungua kinywa, na ujuzi ule ukamlisha maisha yake yote. Uso wa kutisha wa Fantôme alijitengenezea mwenyewe.

Waongozaji nao walitafuta namna ya kuonyesha sauti kwa macho. Katika The Lodger, watu wa nyumba wanakaa chini na wanamsikia mpangaji anatembea huku na huku juu ya dari. Filimu haina sauti, sasa utaonyesha hatua za miguu kwa namna gani? Alfred Hitchcock alitengenezesha sakafu ya kioo, akamweka mchezaji atembee juu yake, akapiga picha kutoka chini. Mtazamaji anaona nyayo zinakwenda na kurudi juu ya kichwa chake. Hofu inaingia bila neno hata moja.

Kitabu: kuna mtu anatafuta ukweli

Ili kuelewa filimu hizi, ni lazima kwanza kurudi kwenye vitabu. Katika karne ya 19, hadithi za kutisha na hadithi za upelelezi zilikuwa kama watoto wa mama mmoja. Mmarekani Edgar Allan Poe alitoa mwaka 1841 hadithi juu ya mauaji katika njia moja ya Paris, na wengi wanaihesabu kuwa hadithi ya kwanza ya mpelelezi. Poe huyo huyo aliandika juu ya nyumba zilizolaaniwa na juu ya wafu ambao hawatulii.

Mwaka 1886 Robert Louis Stevenson alitoa kitabu cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde. Leo kila mtu anajua kama hao wawili ni mtu mmoja. Lakini msomaji wa kwanza hakujua. Kitabu kinamfuata mwanasheria anayeitwa Utterson, anayejiuliza: rafiki yangu daktari, kwa nini amemwachia mali yake yote mtu mubaya kama huyu? Jibu linatoka paka mwishoni, ndani ya barua mbili.

Dracula ya Bram Stoker, ya 1897, inajengwa vilevile. Hakuna msimulizi mmoja. Kuna daftari za siku kwa siku, barua, telegramu, vipande vya magazeti. Mashujaa wanakusanya karatasi zote, wanazipanga kwa tarehe, na njo vile wanagundua adui yao ni nani. Gaston Leroux, aliyeandika Le Fantôme de l'Opéra kati ya 1909 na 1910, alikuwa mwandishi wa habari wa kazi. Kitabu chake kinasemwa kama uchunguzi wa gazeti: nimemwuliza huyu, nimesoma faili ile, huyu anasema hivi, yule anakana. Na Marie Belloc Lowndes, katika The Lodger ya 1913, anamweka msomaji ndani ya kichwa cha mama mwenye nyumba huko London anayeanza kumshuku mpangaji wake, akihesabu mambo madogo madogo: saa anayotoka, saa anayorudi, mfuko ambao hataki mtu aufungue.

Kati ya waandishi wa aina hii, kuna mmoja ambaye jina lake linaingia katika historia ya Kongo yenyewe. Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes, alitoa mwaka 1909 kitabu kizima juu ya maovu yaliyotendwa Kongo wakati wa mfalme Leopold wa Pili. Alikijenga kwa ushahidi: ripoti, barua, maneno ya walioshuhudia. Miaka michache mbele yake, picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris zilikuwa zimezunguka kumbi za Uingereza. Kati yake kulikuwa na ile ya baba anayeitwa Nsala, amekaa mbele ya mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa. Picha hizo zilionyeshwa kwa taa ya kurusha picha juu ya kitambaa, ukumbi giza, na mtu wa kueleza amesimama kando. Haikuwa sinema bado, lakini ilifanana nayo sana. Na haikuwa hadithi ya kutunga.

Filimu tatu, makundi matatu

Sasa tuangalie sinema ilifanya nini na vitabu hivyo.

Nosferatu ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin, Machi 1922. Mwongozaji Friedrich Wilhelm Murnau na wenzake walichukua Dracula bila kuomba ruhusa, wakabadilisha majina. Dracula akawa Orlok, London ikawa mji wa Ujerumani unaoitwa Wisborg. Orlok anafika kwa mashua, pamoja na panya, na watu wanaanza kufa kwa tauni. Mji unatafuta wa kumshitaki. Unamchagua Knock, muuza nyumba aliyeingiwa na wazimu. Kundi linamkimbiza katika njia za mji, juu ya paa, mpaka mashambani, na huko watu wanararua kitu walichodhani ni yeye. Kumbe ni sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Wakati wote huo, mwenye kuleta kifo amekaa kimya dirishani, katika nyumba inayotazamana na ile ya Ellen, mke wa kijana aliyekwenda kumwuzia nyumba. Mtu pekee aliyetambua ukweli ni Ellen, na aliutambua kwa kusoma kitabu kilichokatazwa kwake. Njo yeye anayemaliza jambo, na analipa kwa maisha yake.

Le Fantôme de l'Opéra ya 1925, filimu ya kampuni ya Universal, inasimulia juu ya mtu mwenye uso ulioharibika anayeishi chini ya jumba la opera la Paris. Ndani ya kitabu, Erik anamwachilia msichana aliyempenda, kisha anakufa kwa huzuni. Filimu ilipigwa kwanza na mwisho wa namna hiyo. Ilipoonyeshwa kwa majaribio, watazamaji hawakuridhika, na kampuni ikapiga mwisho mwingine: Erik anakimbia na gari la farasi, watu wa Paris wako nyuma yake na mienge, wanamkamata kandokando ya mto Seine, wanampiga na kumtupa majini. Mwisho huo njo uliobaki.

The Lodger ya 1927 ilikwenda mbali zaidi. Katika kitabu, mpangaji njo muuaji kwa kila namna, na anapotea bila kukamatwa. Lakini katika filimu aliyecheza mpangaji ni Ivor Novello, nyota aliyependwa sana Uingereza. Hitchcock alieleza baadaye kama haikuwezekana mtu kama huyo awe muuaji. Kwa hiyo akafanywa asiye na kosa: ni kaka wa msichana wa kwanza aliyeuawa, naye anamtafuta muuaji. Polisi mmoja mwenye wivu anamfunga pingu. Anatoroka. Anaingia mahali pa kunywa, mikono ameificha chini ya koti, na hapo watu wanaanza kunong'ona: ni yeye. Kundi linamfuata, pingu zake zinanasa juu ya uzio wa chuma, ananing'inia pale huku watu wanampiga kutoka pande zote mbili. Wakati huo huo habari inafika: muuaji wa kweli amekwisha kukamatwa kwingine. Anaokolewa kwa dakika ya mwisho.

Kwa nini sinema ilipenda kundi?

Sababu ya kwanza ni rahisi. Ushahidi ni kitu cha karatasi, na karatasi haipendezi machoni. Huwezi kumwekea mtazamaji barua ya kurasa kumi. Kila maandishi yanasimamisha picha. Mbio, mienge, mikono iliyoinuliwa, hayo yanaonekana mpaka kiti cha nyuma, na hayahitaji tafsiri katika luga yoyote.

Sababu ya pili ni kwamba mtazamaji anataka jambo liishe. Kitabu kinaweza kumwacha mtu na swali. Ukumbi uliojaa watu unataka kumwona mubaya ameanguka. Kundi lililo juu ya kitambaa linafanya kile ambacho kundi lililokaa vitini linataka.

Lakini hapa njo kuna tofauti kubwa kati ya filimu hizi tatu. Le Fantôme inampa mtazamaji kundi lake na kumwacha arudi nyumbani na furaha. Nosferatu na The Lodger zinamwonyesha kundi hilo, kisha zinamwambia: wamekosea. Moja imeparua sanamu ya shamba. Nyingine imekaribia kuua ndugu ya marehemu. Mtazamaji wa The Lodger ana aibu yake mwenyewe pia, kwa sababu saa nzima alikuwa anamshuku mpangaji pamoja na wote.

Katanga: nani aliruhusiwa kuangalia?

Wakati filimu hizi zinazunguka Ulaya, Katanga ilikuwa inajengwa. Union Minière ilizaliwa 1906, Elisabethville, leo Lubumbashi, ilianzishwa 1910. Mwaka 1931 reli kutoka Tenke mpaka Dilolo iliunganisha shaba ya hapa na bahari ya Atlantiki. Mji wa Kolwezi ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwa makao ya migodi ya magharibi. Katika kambi za wafanyakazi sinema ilifika, lakini si kila sinema.

Mwaka 1936, serkali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa amri: mwenyeji haruhusiwi kuingia mahali panapoonyeshwa filimu isipokuwa filimu ile imekubaliwa kwanza na tume ya ukaguzi. Mkubwa Mzungu aliweza kuangalia atakacho katika sinema yake. Mfanyakazi wake aliwekewa filimu za usafi, za kazi, za dini, na za kuchekesha, mara mingi nje, usiku, kwenye kitambaa kilichofungwa kambini, na mtu wa kueleza kwa luga ya watu. Wakubwa wa serkali na wamisionari wengi waliamini kama Mwafrika hawezi kutofautisha picha na kweli, na kama akimwona Mzungu ni mwizi, mlevi ao muuaji, heshima itapotea.

Upande wa pili wa mpaka, katika Copperbelt ya Zambia ya leo, serkali ya Waingereza nayo ilikata vipande vya filimu mbele ya kuwaonyesha wafanyakazi wa migodi. Huko walipenda zaidi filimu za wapanda farasi wenye bunduki, na shujaa yeyote wa filimu hizo waliyamwita Jeke. Mtafiti Hortense Powdermaker, aliyekaa Luanshya miaka ya 1950, aliandika namna watazamaji walivyopiga kelele, wakimwonya shujaa, wakibishana juu ya kile kilicho kweli na kile kilichotungwa. Maana yake walijua kutofautisha vizuri sana.

Kwa Kongo, wamisionari walianza hata kutengeneza filimu zao. Padri Albert Van Haelst, huko Kasai, alipiga vichekesho vya Matamata na Pilipili, kwa mtindo wa wachekeshaji wa sinema bubu. Kucheka kuliruhusiwa. Filimu za vampaya anayekunywa damu ya mji hazikuwa katika mpango.

Batumbula: filimu ambayo hakuna aliyeipiga

Lakini huwezi kumkataza mtu kusimulia. Katika miaka ile ile, kambi na mitaa ya Katanga ilikuwa na hadithi yake ya kutisha, na wazee wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanaijua mpaka leo. Ni hadithi ya batumbula. Neno lenyewe liko karibu na kutumbua, yaani kupasua.

Masimulizi yalikuwa na sura mingi, lakini shina ni moja. Usiku, watu weusi waliolipwa na Wazungu wanatembea kukamata wenzao. Mwenye kukamatwa anatiwa katika shimo, anapoteza akili, anasahau jina lake, ananenepeshwa kama nguruwe, kisha analiwa. Watoto waliambiwa: usitembee usiku, batumbula batakukamata. Wengine walisema simba bulaya, simba wa Ulaya. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja miaka ya 1973 na 1974, aliweka pia picha ya Simba Bulaya kati yake.

Katanga haikuwa peke yake. Kenya, Uganda na Tanganyika walisema wazimamoto. Pwani ya Waswahili walisema mumiani. Zambia walisema banyama. Kila mahali ni mtu wa kazi ya serkali ao ya kampuni anayechukua damu ya raia. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu juu ya masimulizi hayo mwaka 2000. Mbele yake, mwaka 1975, Rik Ceyssens aliandika juu ya mutumbula na kuiita hadithi ya mwenye kuonewa.

Jina hilo la Ceyssens linaeleza mengi. Mtu anayeshuka mgodini alikuwa anaona miili inachoka, vijana wanatoka kijijini na hawarudi, hospitali inachukua damu bila maelezo. Na kulikuwa na mambo ya wazi kabisa. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma wakiomba mshahara, askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikuwa kati ya waliouawa. Kazi inayokula watu: batumbula walisema jambo hilo kwa sura ya usiku. Orlok naye ni bwana mwenye mali, mgeni, anayenunua nyumba mjini na kunywa damu ya wakaaji. Watu wa Katanga hawakuiona Nosferatu, na hawakuihitaji ili kutunga hadithi ya namna hiyo.

Hadithi inaposhuka barabarani

Ugumu unaanza pale. Hadithi ya mwenye kuonewa inaweza kuwa na ukweli ndani yake juu ya maisha, na bado ikamshitaki mtu asiye na kosa. Hakuna shimo la watu walionenepeshwa lililowahi kuonekana. Lakini hofu ilikuwa ya kweli, na hofu inatafuta sura ya mtu. Ikimkosa mwenye nguvu, inamshika aliye karibu: mlinzi wa usiku, muuguzi, mgeni, mzee anayeishi peke yake. Ni Knock tena, mkimbiaji wa Wisborg, wakati Orlok amekaa dirishani.

Wakaaji wa Kolwezi wanaijua sura hiyo kwa majina ya leo. Mtoto akipotea kwa saa mbili, ujumbe unazunguka simu zote za Dilala na Manika kabla mtu hajamwuliza jirani. Mtu akipigiwa kelele ya mwizi sokoni, wale wanaofika wa mwisho njo wanaopiga zaidi, na hawajui hata kilichoibwa. Kisima cha wachimbaji kikiporomoka, kuna wale wanaosema haraka kama kuna mtu amewauza wenzake kwa fetishi. Juni 2019, mgodi ulipoporomoka karibu na mji na kuua wachimbaji zaidi ya 40, maswali ya kuuliza yalikuwa mengine: ukuta wa udongo ulikuwa na urefu gani, nani alijua kuna watu chini, nani alipaswa kuwazuia, na wangepata mkate wapi kama wangezuiwa. Fetishi inajibu maswali yote hayo kwa neno moja, na kwa hiyo haijibu hata moja.

Kitabu cha mafumbo kinafundisha kazi nyingine, kazi ya uvumilivu. Utterson anauliza. Mashujaa wa Dracula wanapanga karatasi kwa tarehe. Mwandishi wa Leroux anamsikiliza kila shahidi, hata anayesema uongo. Ni kazi ya polisi mzuri, ya hakimu, ya mwandishi wa habari, na pia ya baba ao mama mwenye simu mkononi: nani ameona? Aliona kwa macho yake ao alisikia? Lini? Wapi? Kuna mwingine aliyeona? Maswali matano, na mara mingi ujumbe wa kutisha unakufa kwenye swali la kwanza.

Zilizopona na zilizopotea

Filimu hizi zenyewe karibu zipotee. Mjane wa Bram Stoker, Florence, aliwashitaki watu wa Nosferatu kwa kuiba kazi ya bwana yake. Mwaka 1925 mahakama iliamuru kopi zote ziharibiwe. Ilipona kwa sababu kopi zingine zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Murnau alikuwa amepiga mwaka 1920 filimu nyingine iliyotoka katika Jekyll na Hyde, na ile haijaonekana tena. Filimu za zamani ziliwekwa juu ya utepe unaoshika moto haraka na kuoza. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza mwaka 2013 kama karibu asilimia 70 ya filimu ndefu za sinema bubu za nchi ile zimepotea kabisa. Mara moja moja kuna furaha: Sherlock Holmes ya 1916, iliyodhaniwa imepotea, ilikutwa mwaka 2014 katika ghala la sinema huko Paris.

Batumbula hawakuwekwa juu ya utepe. Walibaki katika vinywa vya wazee, katika picha chache za wachoraji, na katika vitabu vya watafiti ambavyo wengi hapa hawajawahi kuvishika. Aliyekuwa na miaka kumi wakati wa mgomo wa 1941 leo amepita miaka tisini, kama bado yuko. Kila familia yenye mzee wa namna hiyo ina ghala yake, na simu ile ile inayosambaza uvumi inaweza pia kurekodi sauti yake. Si lazima kuamini kila neno. Inatosha kumwuliza vizuri: ulisikia wapi, walisema nini, nani alipotea kweli, na kazi ya baba yako ilikuwa nini.

Nosferatu na Le Fantôme de l'Opéra zinapatikana kwenye intaneti bila kulipa. Hazina sauti, kwa hiyo hazihitaji Kiingereza wala Kijerumani. Zinahitaji paka mtu mmoja wa kusoma maandishi na kueleza kwa Kiswahili, kama zamani. Na ikifika pale kundi linapoanza kukimbia, ni vizuri kuwauliza watoto walioketi mbele: huyu mnayetaka akamatwe, mumemwona amefanya nini?